Nani Kamaliza Steki za Bimkubwa?

Bakuli lilikuwa tupu.

Yaani tupu kabisa. Lilikuwa limekaa pale pale lilipowekwa jana, rafu ya chini ya friji, kifuniko kimebana vizuri, na ndani hamna kitu ila mchuzi kidogo uliogandia pembeni na harufu ya kitunguu saumu. Steki hazimo. Hata ya kusingizia hamna.

Inspekta alipiga goti mbele ya friji, akawasha tochi. Taa ya friji ilikuwa inawaka, na jua la asubuhi limejaa jikoni, lakini tochi ni tochi. Mpelelezi bila tochi, watu wanaweza kudhani ni fundi wa friji.

"Mara ya mwisho zilionekana lini?" akauliza.

"Jana jioni. Na mimi, kwa macho yangu haya mawili," alisema Bimkubwa.

Bimkubwa ndiye mwenye nyumba. Mumewe ni mkuu wa kituo cha polisi, mtu mwenye masharubu na tumbo, ambaye akikohoa tu kituoni hata mbwa wa doria anakaa sawa. Lakini hapo nyumbani mkuu alikuwa Bimkubwa, na ndani ya jikoni alikuwa mkuu wa wakuu.

Inspekta naye kituoni walimwita Kesho. Kila kesi ukimuuliza imefika wapi, anakwambia kesho. Pikipiki iliyoibwa sokoni, kesho. Jenereta la shule, kesho. Mpaka mwenye jenereta akanunua lingine, nalo likaibwa, Inspekta akaziunganisha zikawa kesi moja ya kesho. Kwa hiyo asubuhi hiyo Mkuu alipompigia simu yeye mwenyewe, "Njoo nyumbani kwangu, kuna wizi," Inspekta alivaa shati huku anatembea. Hatimaye ameaminiwa! Akamchukua na konstebo wake, dada mmoja mrefu asiyeongea sana lakini anayecheka haraka.

"Mtuhumiwa yuko?" Inspekta akauliza.

"Yule pale." Bimkubwa akanyoosha kidole.

Mlangoni, juu ya kreti la soda lililopinduliwa, alikaa mpishi wa nyumba. Mtu mzima, mvi kidogo, aproni ameikunja magotini. Walimwita Chumvi, na alikuwa amepika kwenye nyumba hiyo tangu binti wa Bimkubwa akiwa wa kubebwa mgongoni. Sasa binti huyo anachumbiwa, na mchana wa leo wakwe watarajiwa wanakuja kula.

"Wakwe wakiingia getini," alisema Bimkubwa, "nataka huyu awe ameshaondoka. Kwenye gari lenu. Mahabusu."

Chumvi alitazama sakafu ambayo ameideki yeye.

"Mama, tuanze mwanzo," Inspekta akatoa karatasi. "Marehemu... samahani, steki, zilifikaje ndani ya hili bakuli?"

"Andika basi. Nilinunua mwenyewe. Nikazikausha maji moja moja, nikazilaza bapa kwenye mfuko, kati ya steki na steki nailoni zisishikane. Hewa nikaikamua yote. Nikazitia friza. Juzi nikazishusha kwenye friji, juu ya trei, ziyeyuke barafu polepole. Jana jioni nikazipaka viungo. Tangawizi, saumu, pilipili manga, mafuta, limau kidogo. Ndani ya bakuli la kioo. Sio sufuria ya alumini, limau na alumini havielewani. Nikafunika, nikarudisha chini kabisa, ili hata zikivuja zisivujie saladi. Umeandika 'chini kabisa'?"

"Nimeandika, Mama."

"Piga mstari chini yake."

Inspekta akapiga mstari.

"Wewe kwako nyama unagandisha vipi?"

Inspekta akasita. Hakutegemea kuhojiwa. "Naitupa tu kwenye friza, Mama. Na mfuko wake wa buchani."

"Donge zima?"

"Donge zima."

"Na kuyeyusha?"

"Naiweka dirishani. Ipate jua."

Bimkubwa akashika kifua, akamgeukia konstebo. "Binti, huyu bosi wako ana mke? Ana watoto?"

"Hana, Mama."

"Afadhali. Anajiua peke yake."

Konstebo akageukia ukuta, mabega yanamtikisika.

Hapo ndipo Mkuu alipotokea. Alikuwa amevaa bukta na fulana, lakini kichwani ana kofia ya kazi. Mkono mmoja ameuweka shavuni kama mtu mwenye mawazo mengi. Akamvuta Inspekta mpaka kwenye korido.

"Kesho."

"Afande."

"Hii kesi usiichimbe sana."

"Ndiyo, afande."

"Andika paka."

Inspekta akafikiri. "Paka kafungua friji, afande?"

"Paka wa siku hizi."

"Kafungua na kifuniko, kala, karudishia kifuniko?"

"Si nimekwambia ni wa siku hizi!"

"Mama hatakubali, afande. Mama anamtaka Chumvi."

Mkuu akatazama ukutani, kwenye picha yake mwenyewe akiwa anapewa nishani. "Basi mchukue Chumvi. Atakaa siku chache, Mama atapoa, tutamtoa kimya kimya. Nani atakumbuka?"

Inspekta akasema ndiyo afande, kwa sababu ndilo neno alilolizoea.

Akarudi jikoni, akakaa mbele ya Chumvi.

"Jana usiku ulikuwa wapi?"

"Chumbani kwangu. Nyuma ya jiko hapo."

"Nani shahidi?"

"Kitanda."

"Usinifanyie utani. Mikono yako inanuka kitunguu saumu."

"Afande, mimi mpishi. Ikinuka petroli ndio unikamate."

Konstebo akakohoa. Inspekta akajikaza. "Ufunguo wa jiko unao wewe?"

"Ninao mimi, anao Mama, na mwingine unaning'inia sebuleni, kila mtu anaujua. Mlango wa nje ulikuwa na komeo kwa ndani. Hakuna mtu wa nje aliyeingia. Ndio maana niko hapa kwenye kreti." Chumvi akamtazama usoni kwa mara ya kwanza. "Afande, Mama amepiga kelele 'mwizi' asubuhi, mtaa mzima ukasikia. Watu wamejaa getini pale. Hata mkiniachia baadaye, ni nani atanipa jiko lake? Mpishi akishaitwa mwizi wa nyama, basi. Hata chumvi hawamwachii."

Inspekta akainuka, akajifanya anapima dirisha.

Shahidi aliyefuata alikuwa Bibi, mama mzazi wa Mkuu, ambaye chumba chake kimepakana na jiko. Walimkuta kwenye kochi, miguu juu ya mto.

"Shikamoo, Bibi."

"Marahaba, mjukuu wangu. Mnatafuta nyama?"

"Ndiyo, Bibi. Hukuzila wewe?"

Bibi akafungua mdomo wote. Ufizi mtupu, mwekundu, unang'aa. "Ingia utafute," akasema.

Safari hii konstebo ilibidi atoke nje kabisa. Akarudi anafuta macho.

"Jana usiku ulisikia chochote?"

"Nilisikia. Krrr, krrr, krrr."

"Panya?"

"Panya gani anakwangua anapumzika? Krrr, anahema. Krrr, anahema. Labda panya mnene. Halafu akakohoa."

"Panya akakohoa?"

"Akakohoa."

"Kikohozi kilikuwa kama cha nani, Bibi?"

Bibi akamtazama Inspekta, akatazama mlango wa korido, akarudisha macho kwenye runinga iliyozimwa. "Cha panya," akasema, na hapo akafunga ule mdomo na haukufunguka tena.

Walirudi jikoni. Inspekta alisimama katikati, mikono kiunoni, hajui aanzie wapi. Hiki ndicho kipindi ambacho kwa kawaida hutamka kesho. Lakini Bimkubwa alikuwa pale anamwangalia, na saa ya ukutani nayo inatembea, na Chumvi kwenye kreti lake.

"Afande," konstebo akaita. "Njoo uone sisimizi."

"Sisimizi wa nini?"

"Wamepiga duara."

Kweli. Kwenye meza ya saruji, kando ya jiko la gesi, sisimizi walikuwa wamejipanga mduara safi, kama gwaride. Inspekta akaliinua lile bakuli la kioo kwa leso, akaliweka juu. Likaenea sawasawa ndani ya mduara. Sisimizi wakapanda kulisalimia.

"Mama, bakuli hili liliwahi kuwekwa hapa?"

"Hapo karibu na jiko? Penye joto? Nyama mbichi? Unanitukana?"

"Kuna mtu aliliweka. Na lilikaa muda mrefu, mpaka likaloa chini likaacha alama."

Akaanza kulichungulia bakuli upya. Pembeni, ndani ya ule mchuzi, kulikuwa na vipande vyembamba kama nyuzi, vyeupe vyenye ukijani. Akakinasa kimoja kwa njiti ya meno, akakiinua juu kwenye mwanga.

"Hiki kiungo gani?"

Bimkubwa akasogea. Uso ukabadilika. "Hilo papai! Papai bichi!"

"Si ulitia wewe?"

"Papai natia nusu saa kabla ya moto! Kijiko kimoja! Papai bichi linakula nyama, mwanangu. Ukiliacha muda mrefu linatafuna mpaka hamna cha kutafuna." Akaenda mbio kwenye kapu la vitunguu, akafukua. Papai lilikuwepo, lakini nusu. Na lilikuwa limekatwa upande upande, kama limekatwa na mtu aliyekuwa anakimbizwa. Kile kifaa cha kukwangulia karoti kilikuwa kimetundikwa kichwa chini, kimekaukiwa na utomvu.

"Krrr," alisema konstebo polepole.

Ghafla nje, mlango wa uani, paka wa nyumba akalia. Paka huyu alikuwa akilia tangu asubuhi, na kila mtu alikuwa anamfukuza. Sasa Inspekta akamwangalia vizuri. Paka alikuwa anazunguka magambuti mawili meusi yaliyosimama karibu na ndoo. Gambuti la kulia hakuwa na habari nalo. La kushoto alilikumbatia.

"Konstebo. Kielelezo kile."

Konstebo akaliinua. "Zito, afande."

"Mwaga kwenye beseni."

Kikatoka. Kilitoka taratibu, kwa heshima zake, kama uji mzito wa rangi ya udongo, kinanuka tangawizi na mpira na soksi. Hapa na pale kamba ya mafuta, basi. Paka peke yake ndiye aliyefurahi, na konstebo akamzuia kwa mguu.

Inspekta akavua kofia. "Marehemu wamepatikana," akasema.

Bimkubwa alikaa kwenye ngazi. "Steki zangu," akanong'ona. "Zilikuwa zimelala bapa..." Halafu akainuka na hasira mpya. "Magambuti haya Chumvi ndio anavaa akiosha uani! Si mmeona? Afande, mnasubiri nini?"

"Ni ya baba," alisema Chumvi kwenye kreti. "Mimi naazima."

"Mume wangu ndiye aliyewaita polisi watutafutie haki, wewe unamtaja!"

Mkuu alikuwa amefika mlangoni na kikombe cha chai. Alitazama beseni, akatazama mawinguni. "Basi, imeisha," akasema. "Kesho, mchukue mpishi sasa hivi. Kazi nzuri."

Ilikuwa rahisi hivyo. Gambuti, mtuhumiwa, mkuu ameamuru. Inspekta angeweza kufunga kesi yake ya kwanza kabla ya chakula cha mchana. Lakini kuna kitu kilikuwa kinamkwaruza kichwani, krrr, krrr, hakimwachi.

"Mama," akasema, "sheria hii ya papai, humu ndani nani anaijua?"

"Chumvi anaijua. Zamani aliwahi kulizidisha, tukala nyama kwa vijiko. Nilimsema wiki nzima."

"Kwa hiyo Chumvi hawezi kutia nusu papai."

Bimkubwa akalitazama lile papai nusu.

"Na mwizi anabeba, Mama. Au anakula. Huyu hakubeba, hakula. Huyu alikuja kulainisha. Asubuhi akakuta amelainisha kupita kiasi, akasikia ndala zako, akamwaga kwenye kitu cha karibu, akarudisha bakuli. Huyu sio mwizi. Huyu ni mtu anayetaka steki iwe laini kuliko kitu chochote duniani. Na mtu wa namna hiyo ni mtu mwenye..."

Macho yake yalikuwa yametua kwa Mkuu. Mkuu alikuwa amechovya biskuti kwenye chai. Akaichovya tena. Akaiacha ilowe mpaka ikainama, akaipitisha upande wa kulia wa mdomo, akaifyonza. Shavu la kushoto halikusogea hata kidogo.

Maskini Inspekta, aliona maisha yake yote ya mbele: amepelekwa kulinda stoo ya matairi, anahesabu matairi, anazeeka na matairi. Neno moja tu, paka, na angekuwa salama.

Chumvi akainuka kwenye kreti. Aliikunja aproni yake vizuri, pembe kwa pembe, akamkabidhi Bimkubwa kwa mikono miwili kama mtu anayerudisha sare. "Imefuliwa jana," akasema. "Twende, afande. Nisiwaone wageni."

Inspekta akasimama mbele ya mlango.

"Mama," akasema, sauti imempanda bila ruhusa yake, "nyumba hii ina karoti?"

"Karoti?"

"Mbichi. Ngumu. Nyingi."

Ndio ikawa gwaride la utambulisho la aina yake. Walipangwa kwenye ukuta wa jikoni, kila mtu na karoti mkononi: Chumvi, konstebo kama mfano, Bimkubwa mwenyewe kwa sababu alisema haachwi nje ya kitu kwenye jiko lake, na Mkuu.

"Mimi ni mkuu wa kituo," alisema Mkuu.

"Ndiyo, afande. Tunaomba utuonyeshe mfano."

"Utanijua wewe."

"Ndiyo, afande. Konstebo, anza."

Konstebo akang'ata. Kachaa! Ukimsikia ungedhani ni tawi limevunjika. Bimkubwa, kachaa! Chumvi akang'ata yake bila hamu, kachaa, akaitafuna akitazama dirisha.

"Mkuu," alisema Inspekta.

Mkuu akainua karoti. Ikafika usawa wa kidevu. Jasho likaanza chini ya kofia, likashuka kwenye masharubu. Karoti ikagusa mdomo, ikatetemeka, ikarudi.

"Baba," alisema Bimkubwa taratibu sana. "Tafuna karoti."

"Mama..."

"Tafuna."

Akaiweka mezani. Akavua kofia.

"Ni mimi," akasema.

Bimkubwa akavuta kiti, akakaa.

"Ulitia papai?" Inspekta akauliza.

"Nilitia."

"Kiasi gani?"

"Nilikwangua mpaka mkono ukachoka."

"Kwa nini?"

"Jino."

"Jino gani?"

"La nyuma, kushoto. Limeoza. Linaniua tangu kabla ya mvua."

"Na baba yake mchumba wa binti yetu ni daktari wa meno!" Bimkubwa akapiga paja. "Daktari wa meno anakuja kukaa mezani kwako, wewe unaficha jino?"

"Ndio tatizo lenyewe!" Mkuu akalipuka. "Mara ile walipokuja, nilitafuna steki, chozi likanitoka. Nikasema ni pilipili. Yule bwana hakula tena, alikaa ananitazama shavu! Wakati wa kuaga akaniambia, nikija tena nitakuja na mkoba wangu. Mkoba, Mama! Mimi nimesimama mbele ya majambazi wenye bunduki. Jambazi unaweza kumwambia weka silaha chini. Yule ukimwambia, anakwambia panua zaidi."

Bibi alicheka huko sebuleni. Kumbe alikuwa anasikia yote.

"Nikafikiri steki zikiwa laini, nitameza tu, hatagundua. Kinyozi aliniambia papai linalainisha. Na nikaona kwenye friji kuna baridi, dawa itachelewa kufanya kazi, nikalitoa bakuli nikaliweka karibu na jiko, lilale hapo na joto joto."

"Lilale?" Bimkubwa akasimama. "Nyama mbichi imelala nje usiku kucha?" Kelele aliyopiga ilipita ile ya asubuhi. "Papai ningekusamehe! Jino ningekusamehe! Nje ya friji mpaka asubuhi! Ulitaka tuhare sisi na wakwe na bwana harusi! Hata kama zingebaki steki, zilikuwa ni za jalalani!"

"Sikujua..."

"Uliolewa wapi wewe usijue?"

Mkuu hakusahihisha swali.

Inspekta alikuwa na swali lake moja, halikuwa la kesi. "Afande, kuna wapelelezi wengi pale kituoni. Kwa nini uliniita mimi?"

Mkuu akakuna masharubu. "Nilitaka mtu ambaye hatagundua."

Konstebo akatazama dari. Inspekta akaitafakari hiyo sentensi, akaigeuza huku na huku, na mwisho akaamua kuchukua upande wake mzuri: amegundua.

Bimkubwa akaichukua ile aproni, akaikunjua. Sauti ilikuwa imeshuka. "Chumvi. Vaa, kaka yangu. Nimekukosea. Wageni wako njiani."

"Hapana, Mama."

"Hapana?"

"Niliitwa mwizi kwa sauti. Nataka nisafishwe kwa sauti. Mbele ya wageni, na mbele ya wale wa getini. Na baba ndiye aseme, maana alinyamaza."

"Mbele ya daktari?" Mkuu akauliza, mkono shavuni.

"Mbele ya daktari."

Mkuu akamgeukia Inspekta kama mtu anayezama. "Sheria inasemaje?"

"Afande, leo sheria iko chini ya mpishi."

"Nitapika," alisema Chumvi, akifunga kamba za aproni nyuma. "Lakini sahani hazitoki humu mpaka nisikie."

Sasa kulikuwa na kazi. Bimkubwa alifungua friza, akatoa mfuko wa akiba, steki zimelala bapa kama vitabu kwenye rafu. Kwa kuwa muda wa kuzishusha kwenye friji haukuwepo, akajaza beseni jingine maji ya baridi, akauzamisha mfuko ukiwa umefungwa vizuri.

"Maji ya moto si ndio haraka, Mama?" Inspekta akauliza.

"Ya moto yanapika nje, ndani bado jiwe, na vijidudu katikati vinafanya sherehe. Ya baridi. Na yakipoteza ubaridi unayabadilisha. Kaa hapo."

Inspekta akakaa kwenye kreti, anabadilisha maji. Kwa sababu zilikuwa nyembamba, zimegandishwa bapa, hazikuchelewa. Alipozikunja kidogo zikakunjika. Chumvi akazikausha, akapaka viungo, akazirudisha kwenye friji zinywe viungo kwa muda huo uliobaki. Papai lilitiwa mwisho, kijiko kimoja, na konstebo akakilinda kijiko hicho kwa macho mpaka kikaoshwa. Steki zikaingia kwenye kikaango. Inspekta, kwa bidii yake, akachukua bakuli la mchuzi uliobaki kutaka kuumwagia juu ya nyama iliyoiva. Chumvi akampiga kofi la mkononi.

"Mchuzi huo umeoga na nyama mbichi, afande. Mpaka uchemke kwanza."

"Niandike?"

"Andika."

Wageni walifika. Daktari alikuwa mtu mdogo, mpole, mwenye miwani, na mkoba mweusi aliouweka kando ya kiti chake kana kwamba ni mwamvuli. Mkewe alikuja na keki. Binti na mchumba wake wakakaa wanaoneana haya. Harufu ya steki ilikuwa imejaa nyumba nzima, na mezani hapakuwa na kitu ila uma na visu.

Wakasubiri. Wakazungumzia mvua. Wakaimaliza mvua. Mlango wa jikoni ulikuwa wazi, na hapo alisimama Chumvi na trei ya sahani mikononi, mvuke unapanda, hasogei.

"Chakula kinanukia," alisema mke wa daktari.

"Kinanukia," alisema Bimkubwa, na akamkanyaga mumewe mguu chini ya meza.

Mkuu akasimama. Akasafisha koo. "Kuna jambo," akasema, sauti ndogo. "Asubuhi ilisemekana mpishi wetu ameiba nyama. Sio kweli. Ni mimi."

Daktari akainua nyusi.

"Getini hawajasikia," alisema Chumvi.

"Chumvi, tafadhali..."

"Zinapoa, baba."

Mkuu akaenda dirishani. Akalifungua lote. Nje, majirani walikuwa bado wamesimama, wengine wameshajiletea viti. Akavuta pumzi, akapanua mdomo kama anavyoupanua uwanjani kwenye gwaride, akapiga kelele:

"Aliyeharibu nyama ni mimi! Chumvi hajawahi kuiba kitu!"

"Tumesikia, afande!" majirani wakaitikia.

Chumvi akaingia na trei. "Karibuni," akasema, akaanza kuweka sahani, ya kwanza kwa Bibi, nyama yake imesagwa.

Mkuu alikuwa ameshawageukia wageni pale dirishani, mdomo haujafunga vizuri, anahema. Daktari alikuwa ameinama kando ya kiti chake, miwani imeshuka puani, anachungulia kwa makini kama mtu anayesoma maandishi madogo.

"Nimeliona," akasema, akavuta mkoba.